Akwaria ya lita 40 hapa Umoja: goldifishi walinishinda, beta ndo amebaki

Mwaka jana Aprili binti yangu, ako gredi 3, alitoka kwa besdei ya rafiki yake South B na stori moja tu. Kwa kina fulani kuna samaki kwa sitingrumu, samaki wanalala macho wazi, baba na sisi tununue. Nikaona hii ni rahisi, samaki si mbwa, hapigi kelele, landlodi hawezi lalamika, hata kula ni punje mbili tatu.

Jumamosi tukaenda tao kwa duka moja la samaki wa mapambo, sitalitaja, na kijana wa pale akanipanga vizuri sana. Akwaria ya vioo sentimita 45 kwa 30 kwa 30, hiyo inabeba kama lita 40, pampu ndogo ya hewa, kokoto za bluu, kasri la plastiki na goldifishi watatu, jumla 7,500. Nikamuuliza samaki naweka lini. "Leo leo mkubwa, weka tu maji ya mfereji, hawa ni wagumu." Tukapanda matatu na samaki kwa karatasi imejazwa hewa ikafura, binti yangu amewapakata kwa mapaja, konda akauliza hao abiria watatu nao wanalipiwa na nani.

Wa kwanza alikufa siku ya nne, wa pili siku ya sita. Huyo wa tatu alikaza wiki mbili hivi akiwa ananing'inia juu anapumua haraka haraka, alafu akatokwa na madoa meupe mwili mzima ni kama mtu amemnyunyizia chumvi, na asubuhi moja tukampata ubavu. Na mi hizo siku zote nilikua naona wamechoka nasema ni njaa, naongeza chakula.

Chakula ndo kilikua kinawamaliza. Goldifishi hana tumbo kama letu, chakula kinapita moja kwa moja, kwa hivo ye anakula na kunya siku nzima, na hiyo uchafu inatoa amonia. Akwaria ikishakomaa kuna bakteria wanaishi kwa sponji ya filta na kwa kokoto wanageuza amonia kuwa naitraiti alafu naitreti, hiyo ya mwisho ndo samaki wanaweza vumilia ukiwa unabadilisha maji. Lakini hao bakteria huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Sa mi nilikua na vioo vinang'aa, hakuna bakteria, filta hata sikuuziwa, niliuziwa pampu ya hewa peke yake, ni sawa na kufungua choo cha plot nzima na hakuna anayemwaga maji. Juu ya hiyo kuna klorini ya mfereji ambayo inachoma matamvua ya samaki na kuua hata hao bakteria wachache wangeanza.

Na hata ningefanya kila kitu sawa goldifishi bado si wa lita 40. Huyo mdogo wa kidole anaoneshwa dukani ni mtoto, akilelewa poa anapita sentimita 20 na anaishi miaka kumi na zaidi, Uingereza kulikua na mmoja alifika miaka 43. Ni samaki mzuri kama uko na bwawa kwa kompaundi huko Karen. Kwa bedsita, hapana, na naona ni makosa vile maduka mengi humsukumia kastoma mgeni ndo wa kwanza.

Kitu kimoja nilifurahia kujua ni kwamba kwa mambo ya maji sisi wa Nairobi tayari tumejipanga bila kujua. Kwetu mfereji unafunguliwa Jumanne na Ijumaa, siku zingine unaishi na dramu ya bafu. Maji ikilala siku moja ama mbili kwa chombo kiko wazi klorini inapungua sana, na kuna dawa ya matone ukiwa na haraka. Kwa hivo kila Jumapili natoa robo ya maji kwa akwaria, narudisha ya dramu, na ile chafu naenda kumwagia sukuma zangu za kwa gunia, zinapenda hiyo maji kushinda mbolea. Maji ya mkokoteni mi siweki kwa akwaria, mitungi mingi hapa ni ya borihoo na ukionja iko chumvichumvi, ingawa kama unafuga samaki wanaitwa moli hao hawana shida nayo, moli anaishi hata kwa maji ya chumvi kidogo.

Baada ya msiba wa goldifishi nikanunua filta ya sponji, nikaacha akwaria izunguke bila samaki wiki tano (binti alikua anasalimia kasri), ndo nikaingiza samaki wadogo wanaitwa gapi, madume wawili na majike wanne, mia moja kila mmoja. Hawa nawapea alama 8 kwa 10. Ni wagumu kweli, si ugumu wa mdomo wa muuzaji. Dume ni mdogo ana mkia kama leso imeshikwa na upepo, jike ni mnene, rangi hafifu, na karibu na mkia tumboni ana doa jeusi ambalo likizidi kuwa kubwa ujue anakaribia kuzaa. Hatagi mayai, anazaa watoto wanaogelea saa hiyo hiyo, na ukizubaa mamake anawala. Mimba ni kama mwezi mmoja. Kile sikuambiwa ni kwamba jike akishapandwa mara moja anaweza weka mbegu ya dume ndani yake akazaa tena na tena bila dume kuwa karibu. Nilitenga madume nikijiona mjanja, na mwezi uliofuata nikahesabu watoto 31.

Kufika Desemba nilikua nagawa gapi kama kalenda za kanisa. Jirani wa juu alichukua sita akatia kwa dramu yake sababu wanakula viluwiluwi vya mbu, na ni kweli wanakula, anasema sai dramu haina hao wadudu wa kucheza cheza. Wengine nilipeleka dukani nikabadilishana na chakula.

Hapo katikati nilijaribu neon tetra nane. Wa kuvutia hao, mstari wa bluu na nyekundu unawaka ukizima taa ya sitingrumu, lakini wanatoka mito ya Amazoni na wanataka maji imetulia haina mabadiliko, na wanataka kuwa kundi, chini ya sita wanajificha kwa kasri mchana kutwa. Julai ndo ilinionesha. Watu husema Nairobi ni Afrika kwa hivo ni joto, lakini tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na ile asubuhi ya Julai nilitia kipimajoto ndani ikasoma 18. Gapi walikua wamepoa tu, tetra wakaanza kudondoka mmoja mmoja. Nikakimbia kununua hita ya wati 50, na usiku wa pili wa hita stima ikapotea saa moja jioni hadi asubuhi. Hiyo usiku tulichemsha maji kwa gesi tukajaza chupa za soda tukaziacha zielee ndani, nje nikafunga akwaria na shuka ya Kimasai, mama watoto ananiangalia tu hasemi kitu. Tetra watatu ndo walitoka salama, nikampea jamaa mwenye akwaria kubwa na inveta.

Saka pia sikumruhusu, yule wa kubandika mdomo kwa kioo ati anasafisha. Wanamuuza akiwa sentimita tano na ukimwekea miaka anafika 30 na kupita, alafu na yeye ananya kama goldifishi tu.

Mama mkwe alikuja kutoka Homa Bay akaketi mbele ya hiyo vioo akanywa chai yote bila kutoa macho, akauliza, "Mwanangu, hawa ni fulu?" Nikamwambia hapana mama, ni gapi. Akacheka. Kumbe fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria huanikwa kwa jua na kuliwa na ugali, wako jamii moja na samaki wa rangi ambao watu Ulaya na Marekani wanafuga na kulipia vizuri, na wengi wao ziwani walipungua vibaya baada ya mbuta (sangara) kuletwa miaka ya 1950. Nilitamani kuweka hao wa nyumbani lakini ni wababe, wanataka akwaria kubwa kuliko yangu.

Sa tufike kwa beta, yule samaki mpiganaji. Nilimnunua Januari, dume wa bluu, 1,200, na dukani alikua amekaa kwa kikombe cha plastiki maji nusu, nikamwonea huruma. Asili yake ni huko Thailand, na 2019 nchi yao ilimtangaza kuwa mnyama wao wa majini wa taifa. Kilichonimaliza ni kwamba huyu ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu kama sisi, anapanda, anachukua funda, anashuka. Stima ikipotea filta ikanyamaza yeye hana habari, ni baridi peke yake inamsumbua, anataka nyuzi 24 hadi 28. Julai ya mwaka huu hita ilishika 25 na hakuna hata siku moja alikataa chakula.

Lita 40 kwake ni kasri la ukweli. Asubuhi nikiwasha taa anakuja kwa kona ile ile nimezoea kumlishia, anajipinda mkia hadi mwili wote unayumba, nampea punje tatu, inatosha. Siku zingine nakuta amejenga povu juu ya maji chini ya jani, viputo vidogo vimeshikana kama mate ya mtoto, hiyo ni nyumba ya mayai anamngojea jike ambaye sitamletea.

Shida tumepata moja tu na ni kosa langu. Dada anayetusaidia kazi aliona sponji ya filta iko na matope akaiosha kwa sabuni ikatakata kabisa. Hakuna mtu alikua amemwambia kwamba hayo matope ndo bakteria. Nilibadilisha maji kila siku wiki mbili nikamlisha beta kidogo sana, akapona. Sponji unaisukasuka tu kwa ile maji umetoa kwa akwaria, basi.

Kwangu beta ni 9 kwa 10, hiyo moja nimemnyima sababu hataki mwenzake. Binti ameona mwekundu dukani na ananisumbua kila Jumamosi. Juzi nikachukua kioo cha mamake cha kujirembea nikakiweka kwa ukuta wa akwaria, huyu wa bluu akajiona akafungua mashavu kama mwavuli, mapezi yote yamesimama, akagonga kioo mara mbili. Binti akarudi nyuma, akafikiria, akasema basi baba tununue konokono. Konokono alikua 150.