Kipimo cha ngozi cha TB Nairobi: usilipe kabla ya kujua nani atasoma mkono

Anayetafuta kipimo cha Mantoux jijini, yaani sindano ya ngozi ya TB ambayo jibu lake husomwa mkononi siku mbili tatu baadaye, iwe ni kwa fomu ya chuo, kazi ya hospitali au safari, huanza kwa kuuliza bei. Aulize pia kama bei hiyo ina usomaji ndani yake, na kliniki hufungwa saa ngapi Jumamosi. Kuchoma sindano ni kazi ya dakika moja. Huduma hii huharibika kwenye usomaji.

Jibu husomwa kati ya saa 48 na 72 baada ya sindano. Jumatatu, Jumanne na Jumatano ni siku salama. Alhamisi ndiyo mbaya: ukichomwa saa tisa alasiri, muda wako unaanza Jumamosi saa tisa, na kliniki iliyofunga saa saba mchana haina habari nawe tena. Kwa kuwa ni safari mbili, chagua mahali karibu na kazini au nyumbani. Jam ya Mombasa Road haijali saa 72. Ukipitiliza, kwa kawaida kipimo hurudiwa, na huenda ukalipa upya.

Kwenye chumba cha sindano, tazama kichupa kinatoka wapi. Tuberkulini, dawa inayochomwa kwa kipimo hiki, hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga, na kichupa kilichofunguliwa huandikwa tarehe, kisha hutupwa baada ya siku 30. Kikitoka kwenye droo, ondoka. Dozi ni mililita 0.1, ndani ya ngozi yenyewe, upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko, sindano ikiwa imelazwa na tundu lake likitazama juu. Hapo hapo panapaswa kuinuka kivimbe cheupe cha milimita 6 hadi 10. Kisipoinuka, dawa imezama chini ya ngozi au imemwagika, na nesi anayejua kazi yake atarudia papo hapo kwenye mkono wa pili, au sentimita 5 kutoka pale pa kwanza. Usibandike plasta wala usipakune. Kuoga ni sawa, na kikiwasha sana, kitambaa cha maji baridi kinatosha.

Usomaji wenyewe ni wa vidole. Msomaji hupapasa mkono, akatafuta kingo za uvimbe mgumu, akaweka alama kwa kalamu kila upande na kupima kwa rula ya milimita, kukatiza mkono na si kuufuata kwa urefu. Wekundu hauhesabiwi hata ukienea namna gani. Kwenye ngozi nyeusi hilo ni muhimu mara mbili: uvimbe mgumu waweza kuwepo bila rangi yoyote ya kushtua. Anayekutazama kutoka ng'ambo ya dawati na kuandika “hasi” hajasoma chochote.

Namba nayo haisomwi peke yake. Milimita 5 zinatosha kuwa chanya kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI au mtoto mwenye utapiamlo. Kwa wengine wengi hapa Kenya mpaka ni 10. Chanjo ya BCG ya utotoni, ile ya kukinga TB, huweza kuinua uvimbe kidogo, lakini mtu mzima mwenye milimita 17 asijifariji nayo. Upande wa pili, sifuri hudanganya pia: kinga ikiwa chini, baada ya surua, au kama ulikaa na mgonjwa wa TB wiki chache tu zilizopita, mwili haujawa tayari kujibu. Chanjo ya surua yaweza kutolewa siku ile ile ya kipimo. Ikishatangulia, subiri wiki 4 hadi 6 ndipo upimwe.

Chanya kwa kawaida maana yake umeambukizwa wakati fulani. Kama unaumwa sasa, hilo huamuliwa na dalili, eksirei ya kifua na makohozi kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB. Kliniki inayokuandikia dawa za TB kwa sababu ya mkono pekee, ikimbie. Kipimo cha makohozi na dawa za TB ni bure katika vituo vya umma, na kwa maambukizi yaliyolala, vijidudu vikiwa mwilini bila kukuumiza, kuna dawa za kinga.

Je, kipimo cha damu cha IGRA ni bora? Kwa mtu mzima aliyechanjwa BCG na asiyeweza kurudi, ndiyo: safari ni moja na chanjo haiingilii jibu. Bei yake ndiyo kikwazo. Soma fomu yako kwanza, maana nyingine hutaka hicho au eksirei, na Mantoux hazitaki kabisa.

Kabla ya kuondoka na karatasi, hakikisha ina tarehe na saa ya sindano, saa ya kusomwa, jina la msomaji na uvimbe kwa milimita, hata kama ni 0. Isiyo na milimita irudishe pale pale kaunta.