Maji yalifika wapi? Uzoefu wangu na IST ya milioni sita na nusu hapa Mtwara

Gari lilikuwa Toyota IST, namba D (yaani herufi tatu za mwisho za namba ya gari zinaanza na D; C ni ya zamani zaidi), injini ya 1300, rangi ya fedha, linauzwa milioni sita na nusu. IST za namba hiyo hapa Mtwara mjini nilikuwa nikitajiwa kumi, kumi na moja. Ilikuwa Novemba 2024, minada ya korosho imepamba moto, wakulima wa Tandahimba na Newala wanaingiziwa pesa zao, na magari ya kuuza yanateremshwa kutoka Dar kila wiki. Mimi nilikuwa na milioni saba niliyoikusanya kwa miaka mitatu. Mama yangu anakaa Mikindani, miguu inamsumbua, kila mwezi lazima afike kliniki Ligula, na bodaboda hawezi kupanda tena. Lile gari nililitaka sana.

Muuzaji hakuficha kila kitu. Aliniambia, "Kaka, lilipata maji kidogo Dar, mvua zile za masika. Yaliishia kwenye rimu tu. Limekaushwa, limepigwa sevisi, unawasha unaondoka." Nikaliwasha, likaunguruma vizuri. Nikalizungusha mpaka Shangani na kurudi, halina tatizo. Oili safi, maji ya rejeta safi, kadi ya gari ina jina lake mwenyewe. Kama si shemeji yangu, ningelipa jioni ile.

Shemeji alisema neno moja tu: usichukue fundi wa injini, chukua fundi umeme. Nikampata mmoja Chikongola, tukakubaliana elfu arobaini kwa ukaguzi.

Jambo la kwanza alipandisha vioo vyote, akafunga milango, akaliacha gari juani. Tukakaa chini ya mwembe kama nusu saa. Alipofungua mlango yakatoka marashi ya gari, makali, na nyuma yake ikaja harufu nyingine, ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Muuzaji akasema ni kapeti imeoshwa. Fundi hakubishana naye.

Akashika mkanda wa siti ya dereva akauvuta. Sisi wengine tunauvuta kiasi cha kujifunga tu. Yeye aliuvuta pole pole mpaka ukagoma, mpaka ile sehemu ambayo siku zote imejikunja ndani ya nguzo ya mlango ikatoka nje. Mkanda ulikuwa wa kijivu, umefuliwa. Ila mwishoni, kama shubiri mbili hivi, uligeuka rangi ya udongo, na alipousugua kwa kidole gumba vumbi laini la matope likabaki kwenye ngozi. Akanionyesha kidole. Akafanya hivyo hivyo upande wa abiria, matope yale yale. Ile roli ya mkanda imekaa chini kwenye nguzo, lakini ndani ya gari. Maji yalikuwa yameingia ndani.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Nati za reli za siti zilikuwa na kutu, wakati bodi nje inang'aa. Chini ya tairi la spea, tope limeganda kwenye kona ambayo brashi haifiki. Akalala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni, akachomoa soketi moja ya waya: pini zake zimeota ule ukungu wa kijani unaouona kwenye shaba iliyolowa.

Kilichonimaliza ni taa. Akafungua swichi bila kuwasha injini, akaniambia niangalie dashibodi. Taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea, inatakiwa kuwaka sekunde chache, halafu izime, ndiyo mfumo unajipima. Hii haikuwaka kabisa. Pengine kuna mtu aliizima ili isimsumbue mnunuzi. Kompyuta ya eabegi katika gari kama hili iko chini, katikati ya gari, ambako maji yakipita kapeti yanaweza kuifikia. Maana yake siku ya ajali hakuna wa kukuhakikishia kuwa eabegi itafumuka. Na siti ile ya mbele ndiyo angekaa mama.

Nilimuuliza fundi kama linatibika. Alinijibu kwa uungwana, na jibu lake ndilo nimelishika: inategemea maji yalifika wapi. Yakiishia chini ya sakafu, unabadilisha oili, unasafisha breki na beringi, unaendelea na safari. Yakipita kapeti, yanaingia kwenye waya na soketi, na waya hauharibiki siku ile. Unaoza ndani kwa ndani, miezi sita, mwaka, leo kioo hakipandi, kesho gari linazima njiani Mingoyo usiku. Yakifika dashibodi, liuzwe vipuri. Na kama ni maji ya bahari, yenye chumvi, hata ya kwenye kapeti achana nayo.

Muuzaji akashuka mpaka milioni tano. Nakiri niliyumba. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu usiku mzima: seti ya waya, kompyuta ya eabegi, kapeti, ufundi, na bado ningebaki na gari ambalo siwezi kuliamini. Bima ndogo nisingeweza kuitegemea kwa lolote kati ya hayo, kwa sababu inalipa madhara ya mtu mwingine, si ya gari lako. Asubuhi nikampigia, nikamwambia hapana, nikamshukuru. Hakufurahi. Wiki iliyofuata halikuwepo tena pale, na nadhani limeenda Masasi. Huyo aliyelichukua ananiuma moyoni mpaka leo.

Je, ningenunua gari lililopata maji? Ndiyo, kama mwenyewe ananieleza lilikuwa wapi siku ile, mikanda yote ikivutwa mpaka mwisho ni safi, na taa ya eabegi inawaka na kuzima yenyewe. Tofauti na hapo, hata kwa milioni tatu silitaki.

Mwezi wa pili nilipata Toyota Passo, namba C, kilomita nyingi, milioni sita na laki nane. Fundi yule yule akalikagua kwa elfu arobaini ile ile. Safari hii mkanda niliuvuta mwenyewe, mpaka ukagoma, na mwisho wake ulikuwa mweusi kama mwanzo wake.