Kitabu cha bure cha CDL: tathmini kwa dereva anayeogopa mtihani wa vitendo

Ukitafuta CDL, yaani leseni ya kuendesha lori kubwa na magari mengine makubwa ya biashara Marekani, utauziwa vitu vingi: programu za simu zenye maswali ya mazoezi, video za kulipia, shule za wiki kadhaa zinazodai maelfu ya dola, na lori la kukodi kwa saa pamoja na mwalimu wake. Katika yote hayo, kinachopunguza woga wa siku ya mtihani kuliko vingine vyote hakiuzwi. Ni kitabu cha mwongozo wa CDL cha jimbo lako, kinachotolewa bure kwenye tovuti ya ofisi ya leseni. Maandishi yake yanafanana karibu kila jimbo, kwa sababu chanzo chake ni kimoja na sheria kuu ni za shirikisho.

Kasoro iko kwenye namna watu wanavyokisoma. Wengi hufungua sura ya 2 ya uendeshaji salama, sura ya 5 ya breki za upepo na sura ya 6 ya magari yenye tela, wakapata ile asilimia 80 ya kufaulu mtihani wa maandishi, wakachukua kibali cha kujifunza, kisha kitabu kikaishia hapo. Sura za 11, 12 na 13 hawazigusi. Hizo ndizo zinazoeleza mtihani wa vitendo wenyewe: ukaguzi wa gari, mazoezi ya uwanjani, na barabarani. Ni fupi, mtu huzimaliza jioni moja, na zinasema wazi mtahini anaandika nini kwenye karatasi yake na nini hakiandiki. Mtahiniwa anayelijua hilo hana sababu ya kutetemeka kila kalamu inaposogea.

Chukua sura ya 12, ya mazoezi ya uwanjani. Hapa ndipo mikono hutoa jasho, na hapa ndipo kitabu kinaposaidia zaidi. Kinasema kwamba kusimamisha gari bila kubadili mwelekeo hakuhesabiwi kama kuvuta mbele, yaani kusogeza gari mbele kidogo ili ujipange upya. Maana yake, ukiwa unarudi nyuma na ukaona tela linaanza kukukimbia, unaweza kukanyaga breki, ukatulia, ukatazama vioo vyote viwili, ukapumua, kisha ukaendelea kurudi, wala hapo hujakatwa kitu. Hata kuvuta mbele ili kujiweka sawa hakuadhibiwi mara za mwanzo. Kinachoadhibiwa ni kuvuta mno. Mwenye woga hufanya kinyume cha haya. Anaona aibu kusimama, anadhani mtahini atamwona hajui, anaendelea kurudi huku amekata usukani kupita kiasi, na ndani ya sekunde chache tela limejikunja na koni imelala. Kugusa koni au kuvuka mstari ndilo kosa hasa. Kusimama ndiko kunakoliepusha.

Kitabu kinakuruhusu pia kushuka ukaangalie. Kwenye kurudi nyuma moja kwa moja ni mara moja tu. Kwenye mazoezi mengine ni hadi mara mbili. Lakini soma aya hiyo mpaka mwisho, maana ina mtego unaoangusha watu hodari: kabla ya kushuka lazima gia iwe huru na breki ya kuegesha iwe imevutwa, halafu ushuke uso ukiwa umeelekea gari, na viungo vitatu, kati ya mikono miwili na miguu miwili, vikiwa vimeshika au vimekanyaga gari muda wote. Ukiruka chini kama utingo aliyefika kituoni unaweza kufelishwa papo hapo, hata kama tela limekaa sawa kabisa. Ukifungua tu mlango ili uchungulie, tayari umehesabiwa kuwa umeangalia. Basi fanya mazoezi ya kushuka kama unavyofanya mazoezi ya kurudi nyuma: gia huru, breki, mkanda, geuka, shika, shuka. Mwili ukishazoea mfuatano huo, woga hauwezi kuruka hatua.

Namna ya kukata usukani kitabu kinaigusia kwa ufupi mno, na hapo mwalimu anahitajika. La msingi ni hili: shika usukani chini, kwenye saa sita, kisha peleka mkono upande unaotaka nyuma ya tela iende. Lori liende kwa mwendo wa injini tu, bila mguu kwenye mafuta. Kata kidogo, ngoja uone tela linajibu nini, kisha rudisha usukani. Karibu kila kosa la uwanjani huanzia kwenye kukata mapema na kurudisha kwa kuchelewa.

Sura ya 11 ndiyo ndefu katika hizi tatu. Hapa woga huja kwa sura nyingine: unasahau maneno. Mtahini anataka asikie mdomo wako ukitaja kifaa, ukikionyesha kwa kidole, na ukisema unakikagulia nini. Jambo ambalo kitabu hakilisemi kwa mkazo wa kutosha ni kwamba lugha ya mtihani huu ni Kiingereza, na sheria ya shirikisho hairuhusu mkalimani kwenye mtihani wa vitendo. Kwa Mswahili aliyeendesha miaka mingi na anayekijua kila kifaa kwa jina la gereji, huo ndio mlima. Habari njema ni kwamba msamiati wenyewe ni mdogo. Sehemu kubwa ya ukaguzi hurudia maneno machache: "mounted and secure" (kimefungwa imara), "not cracked, bent or broken" (hakijapasuka, hakijapinda wala kuvunjika), "not leaking" (hakivuji). Ukiyakariri hayo, kilichobaki ni majina ya vifaa. Tairi lina maneno yake matatu: kina cha mikato, hali ya mpira, na upepo. Kina kisipungue 4/32 ya inchi kwenye tairi za mbele za usukani, na 2/32 kwenye nyingine zote.

Usikariri kwa orodha ya karatasi. Kariri kwa kutembea kulizunguka gari, kila siku ukianzia mahali pale pale, mkono ukigusa na mdomo ukisema kwa sauti. Mtu akikaririshwa orodha, akisahau kipengele kimoja anapoteza na vinavyofuata. Aliyekariri kwa kutembea anakumbushwa na gari lenyewe, kwa kuwa chemba ya breki iko mbele ya macho yake na mpira wa upepo umeingia humo humo. Mwisho wa sura kuna mchoro wa kukumbushia vifaa kwa mpangilio. Kuna majimbo yanayomruhusu mtahiniwa kuushika mkononi wakati wa ukaguzi, na mengine hayaruhusu. Uliza ofisini kwako mapema.

Kipimo cha breki za upepo kinastahili siku zake peke yake, kwa sababu ukikikosea, mtihani huishia hapo. Jaza upepo hadi kompresa ikate, yaani iache kusukuma, kwa kawaida karibu na paundi 120 kwa inchi ya mraba (psi). Zima injini, kisha rudisha ufunguo kwenye umeme bila kuwasha. Hatua hii ya ufunguo ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Bila umeme, taa na kengele ya onyo havitafanya kazi na gari lako litaonekana bovu. Sukuma ndani vitufe vyote viwili, cha manjano cha kichwa na chekundu cha tela. Kanyaga breki mpaka mwisho, geji ikitulia hesabu dakika moja: kwa gari lenye tela upepo usishuke zaidi ya paundi 4, kwa gari pekee zisizidi 3. Halafu pampu breki upunguze upepo. Onyo lazima lije kabla ya kiwango kilichoandikwa. Vitabu vya majimbo mengine vimeandika 60, vingine 55, kwa hiyo sema namba ya kitabu cha jimbo lako, wala usichukue ya video ya jimbo jingine. Endelea kupampu, na vitufe viruke nje kati ya paundi 45 na 20. Taja namba kwa sauti kabla ya kuanza kila hatua, kwa sababu aliyetaja namba kwanza hana haja ya kuikumbuka huku mguu wake uko kwenye pedali.

Kwenye sura ya 13, ya barabarani, thamani kubwa ni kwamba inakuondolea dhana ya kutegwa. Mtahini hatakuamuru ufanye jambo la hatari, na kama njia yenu haina hali fulani, anaweza kukuambia ueleze kwa maneno ungefanya nini. Ukipita chini ya daraja anaweza kukuuliza kimo kilichoandikwa, na ukipita juu ya daraja akakuuliza uzito unaoruhusiwa. Kila uonapo daraja, soma kibao chake kwa sauti ndogo, uulizwe usiulizwe. Kama hakuna kibao, jibu ni kwamba hakuna.

Mambo yanayowaangusha wenye woga barabarani ni yale madogo. Kuacha gari liteleze likiwa gia huru au klachi imekanyagwa kwa umbali unaozidi urefu wa gari. Kubadili gia katikati ya kona. Kusimama nyuma ya gari jingine karibu mno hata usione matairi yake ya nyuma. Kubadili gia au njia wakati sehemu yoyote ya lori bado iko juu ya reli. Kwenye alama ya kusimama, kupunguza mwendo badala ya kutulia kabisa. Na ukiambiwa uegeshe pembeni kana kwamba gari limeharibika, watu husahau kuzima indiketa kabla ya kuwasha taa za dharura.

Kuna pengo moja ambalo kitabu hakiwezi kulijua, nalo linawahusu waliojifunzia Kenya, Tanzania au Uganda, kunakoendeshwa kushoto. Aliyetoka Congo, Rwanda au Burundi halimgusi sana. Mtu akiwa mtulivu anaendesha kulia vizuri. Akishikwa na woga, mazoea ya zamani hurudi yenyewe. Jicho linakimbilia kioo kisicho chake, mkono unatafuta gia upande wa mlango, na kubwa kuliko yote, akimaliza kona ya kushoto anaingia upande wa wanaokuja. Dawa ni kujiambia upande kabla ya kona, kwa sauti: "Naishia kulia." Mtahini akisikia, haidhuru.

Sasa, je, kitabu kinatosha? Hapana. Tangu tarehe 7 Februari 2022, anayeomba CDL ya daraja A (lori lenye tela zito) au B (gari kubwa pekee) kwa mara ya kwanza lazima apitie mafunzo kwa mtoaji aliyesajiliwa na serikali ya shirikisho, kwa nadharia na kwa vitendo, kabla ya kufanya mtihani wa vitendo. Shule utalipa tu. Ila ukiingia ukiwa umemaliza sura hizo tatu, saa za mwalimu zitatumika kwenye usukani na si kufundishwa majina ya boliti. Programu za maswali zinafaa kwa mtihani wa maandishi, na kwa woga wa uwanjani hazina msaada. Fedha inayoleta faida ya haraka ni ile ya saa moja au mbili za ziada kwenye lori lile lile utakalofanyia mtihani, ukazoea klachi yake, vioo vyake na mahali tela lake linapoanza kujikunja. Kabla ya kulipa uliza gia zake: ukifanya mtihani kwa gia za kujibadili zenyewe, leseni itaandikwa kizuizi cha herufi E, na hutaruhusiwa gari la biashara la gia za mkono.

Mwombe mwalimu siku mbili za mwisho akae kimya kabisa, ameshika karatasi na kalamu, bila kusahihisha wala kusifu. Ukimya wa mtahini huwatisha wengi kuliko ukali wake, nao huzoeleka kwa njia hiyo tu.

Kuhusu mwili, kitabu hakisemi kitu, nami naona ni upungufu. Mwenye woga huzuia pumzi, na pumzi ikizuiwa mguu wa klachi hutetemeka. Kila unaposimama, toa pumzi nje polepole kuliko ulivyoivuta. Acha vinywaji vya kuchangamsha asubuhi hiyo, kula chakula ulichozoea. Usimeze kidonge chochote cha kutuliza kwa kushauriwa na rafiki. Na bangi, hata katika jimbo linaloiruhusu, kwa dereva wa CDL imekatazwa na kanuni za shirikisho. Woga hugusa hata kipimo cha daktari: shinikizo la damu likiwa chini ya 140/90 ndipo cheti cha afya hutolewa kwa miaka miwili, hivyo fika mapema, kaa dakika kadhaa kabla ya kupimwa.

Jambo la mwisho limo kwenye sheria ya shirikisho, na ni muhimu kulijua kabla ya kuingia uwanjani. Sehemu tatu za mtihani hufanywa kwa mpangilio, na ukianguka moja huendelei na inayofuata. Lakini sehemu ulizokwisha kufaulu hubaki halali kwa muda wote wa kibali chako cha kwanza cha kujifunza. Ni kibali kikihuishwa ndipo zote tatu hurudiwa. Mtihani wenyewe hauruhusiwi kabla siku 14 hazijapita tangu kibali kitolewe. Angalia tarehe ya mwisho iliyo kwenye kibali, kisha panga mtihani wa kwanza mapema kiasi kwamba, ukihitaji wa pili, bado una wiki kadhaa mkononi.