Silinda ya kuzamia ndani ya nyambizi ya Revell: ina thamani ya pesa yake?

Haya wadau, karibuni. Mezani hapa nina vitu viwili na naomba msivichanganye. Hiki kirefu cha kijivu ni modeli ya kuunganisha ya Revell, Type VIIC, nyambizi ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Pili, kwa mizani ya 1/72. Yenyewe halisi ilikuwa na mita 67, kwa hiyo hii inatoka kama sentimita 93. Ni ya kupamba kabati, haina hata mota. Kitakachoizamisha na kuiibua ni hiki cha pili: silinda ya plastiki angavu, ndani yake mna mota, sevo (kimota kidogo kinachochezesha mapezi), risiva (kipokezi cha redio), betri na tangi la pistoni la kuvuta na kusukuma maji. Ndiyo tunayoichambua leo. Mtengenezaji simtaji, maana kuna kasoro nitaisema na sitafuti kesi.

Kuhusu modeli nisiwachoshe. Imenakshiwa vizuri, na kama uko Ujerumani unaweza kwenda Laboe, karibu na Kiel, ukaingia ndani ya U-995, ndugu yake wa damu, ukalinganisha mwenyewe. Ila kwa kazi yetu lazima uikate ili ifunguke, na uhakikishe matundu ya ubavuni yamepenya kweli. Maji yanatakiwa yaingie humo mwilini kwa uhuru. Kinachobaki kikavu ni silinda peke yake.

Sasa tangi. Watu wengi wananiuliza, mbona dogo hivyo? Twende na hesabu. Nyambizi halisi ikiwa juu ya maji ilikuwa tani 769, ikizama tani 871. Tofauti ni tani 102 za maji iliyokuwa ikimeza. Ukipunguza urefu mara 72, uzito unapungua 72 mara 72 mara 72, yaani mara 373,248. Kwa hiyo mzamo mzima wa hii yetu, yaani uzito wa maji inayoyasukuma kando ikizama, unakuja kilo 2.3, na maji ya kumeza ni gramu 270 hivi. Robo lita na ziada kidogo, basi! Tangi la silinda hii linatosha kabisa, na hapo nampa mtengenezaji alama zake.

Tazama pistoni inavyorudi nyuma... inavuta maji taratibu, mota inanguruma kidogo. Ni ya polepole, nakubali. Kuna mifumo ya gesi ya kopo inayopuliza maji nje kwa kishindo na nyambizi inaibuka kama nyangumi, inapendeza kwenye video. Lakini gesi inaisha, na kopo lenyewe ukalitafute wapi? Pistoni inakula betri tu. Tena unaisimamisha popote: robo, nusu, mpaka deki iwe sawa na maji na mnara pekee uchungulie. Mimi hapo ndipo raha yangu ilipo.

Haya, kasoro. Sogeza kamera hapa, kwenye kifuniko cha upande wa tezi, yaani nyuma. Unaiona oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia maji? Kwa kuwa plastiki ni angavu, oringi iliyokaa vizuri inachora mstari mweusi mzima kuzunguka, haukatiki popote. Angalia hii iliyokuja nayo: hapa mstari upo, upo, halafu hapa umefifia. Hapo ndipo maji yatakapopita. Oringi ni nyembamba kuliko mfereji wake. Niliitoa, nikaenda nayo kwenye duka la vipuri vya pikipiki, muuzaji akanitolea nene kidogo, bei ya chai. Sasa mstari umefunga. Kwa silinda inayouzwa mara kadhaa ya bei ya modeli yenyewe, bado forodha, hili ni jambo la aibu. Ukifunga, paka grisi ya silikoni, siyo ya gari, na futa kwanza. Unywele mmoja tu ukilala juu ya oringi unafungua njia.

Kitu kingine ambacho tangazo lao limekitaja kwa maandishi madogo: redio haimo. Na usiende kununua rimoti yoyote ya gari au droni. Nyingi siku hizi ni za 2.4 GHz, masafa yale yale ya maikrowevu, na maji yanayanyonya mara moja. Ukizama sentimita chache umeipoteza. Tafuta ya masafa ya chini, kama 40 MHz zinazotumika Ulaya, na kabla ya kuagiza waulize TCRA au mamlaka ya mawasiliano ya kwenu. Kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hiyo inakufikisha kina cha kuchezea bila shida.

Baharini ni hadithi nyingine. Chumvi inapitisha umeme, kwa hiyo inaua mawimbi. Sentimita kumi tu chini ya maji ya chumvi, nguvu ya mawimbi haya ya 40 MHz imeshuka chini ya sehemu moja ya mia. Juu ya hapo, maji ya bahari ni mazito kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo nyambizi uliyoipima bwawani itakataa kuzama mpaka uiongeze gramu 60 hivi. Ndugu zangu wa Tanga na Mombasa, najua bahari iko mlangoni, lakini nendeni bwawani.

Kusawazisha ni kazi ya subira. Chubwi za wavuvi (vile vipande vya risasi) chini kwenye mkuku, yaani uti wa chini, vipande vya boya la nyavu juu, usawa wa maji. Ukikosea mpangilio inakwenda mrama, au inainua tezi na kuchoma omo, yaani pua yake, chini. Silinda ina kidhibiti kinachochezesha mapezi ya nyuma ili ikae mlalo, na kinafanya kazi, lakini hakiwezi kukusaidia kama uzito umeuweka vibaya.

Na kile nilichokipenda kuliko vyote: nazima rimoti... tunasubiri... haya, pistoni inasukuma maji nje yenyewe na nyambizi inapanda. Mawasiliano yakikatika, inaibuka. Silinda isiyokuwa na hili usinunue, hata ukipewa nusu bei.

Mdau wa Kigoma aliyeuliza kuhusu Ziwa Tanganyika: maji baridi, redio itapita, maji yenyewe angavu utaiona vizuri. Ila baki ufukweni na uifunge mshipi wenye boya, kwa sababu ziwa lile lina mahali penye kina cha mita 1,470, na betri ikikata hata pistoni haitakusaidia.