Hell's Gate kwa hema na viatu vya mbio, pumu ikiwa kifuani

Kwa mkimbiaji mwenye pumu, vilima vya Hell's Gate si shida. Shida ni vumbi la magari, na kwetu sisi ilikuwa pia hema la kukodi.

Tuliichagua mbuga hii ya Naivasha kwa sababu ni miongoni mwa chache ambako KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, inakuruhusu kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya wanyama. Mimi nikimbie, mume wangu na watoto wafuate kwa baiskeli. Malipo ni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hivyo yamalize ukiwa nyumbani, usije ukahangaika na simu langoni Elsa huku watoto wanalia njaa.

Kambi yetu ilikuwa Naiburta, kwenye mteremko unaotazama Fischer's Tower, lile jiwe la volkano lenye urefu wa takriban mita 25. Vyoo ni vya kawaida, na maji ya kunywa tulibeba wenyewe. Watoto waliwapenda zaidi pimbi wa pale jiweni, ambao wamezoea watu hadi mkate hausalimiki. Usiku ni baridi hasa, mko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Sisi tulipikia meko ya gesi, kwa sababu moshi wa kuni na kifua changu havipatani. Kambi ya jirani iliwasha moto mkubwa wa nyama choma, lakini upepo ulitupendelea.

Sasa hema. Kampuni iliyotukodisha ilituletea likiwa limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wake. Tulipolifungua, jioni imeshaingia, likatoa harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Nikamulika kwa tochi nikaona madoa meusi ya ukungu yamefuata mshono wote wa upande wa kichwani. Ni wazi aliyetutangulia alilikunja bichi, na wao wakalipokea hivyo hivyo. Ukungu ni adui mkubwa wa mwenye pumu. Kufika usiku wa manane nilikuwa nakohoa kile kikohozi kikavu kisichotoa kitu, nikahamia garini na blanketi. Asubuhi nikapuliza kile kibomba cha kupimia nguvu ya pumzi: 310. Siku zangu za kawaida ni 400. Daktari alinigawia vipimo hivyo kwa rangi kama za taa za barabarani, na chini ya asilimia 80 ya kawaida yangu ni njano. Maana yake inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, mapumziko, na hakuna kukimbia. Nikavuta dawa kupitia ile chupa ya plastiki inayochomekwa kwenye inhela, nikakaa juani na chai nikiwatazama wenzangu wakifunga kofia za baiskeli. Nilinuna kidogo, sikatai.

Nilipowapigia waliotukodisha, kijana aliyepokea aliniambia, "Lakini madam, hilo hema halivuji." Sikuwa nimemuuliza kuhusu mvua.

Usiku uliofuata tulipanua kitanda cha garini, watoto wakalala kwenye kihema kidogo cha kuazima kwa shemeji, na asubuhi kipimo kikarudi kijani. Askari alikuwa amemwonya mume wangu: "Mwambie mama asitoke kabla ya jua kuwaka vizuri. Nyati akiwa ndani ya vichaka vya leleshwa humwoni." Kusubiri jua kulinifaa mara mbili, kwani hewa baridi na kavu ya alfajiri, ukiivuta kwa mdomo, hubana mirija ya hewa upesi. Nilipuliza inhela ya bluu kama robo saa kabla, nikafunga skafu mdomoni, nikaanza kwa kutembea.

Barabara ya bondeni, kutoka Elsa kuelekea korongo la Ol Njorowa, ni murram na karibu yote ni tambarare, kuta za miamba myekundu huku na huku. Pundamilia waliinua vichwa, wakaniona si kitu, wakaendelea kula. Ni mbio tamu kuliko zote nilizowahi kukimbia. Hadi magari ya wageni wa wikendi yaanze kumiminika, basi. Kila gari likipita linakuachia wingu, na hakuna skafu ya kulizuia. Kwa hivyo kimbia mapema kadiri nyati wanavyoruhusu, ikiwezekana siku ya kazi. Upande wa Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, kuna harufu ya mayai viza. Niliinusa nikageuza, sikutaka kujaribu kifua changu.

Kuhusu korongo lenyewe: mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 humo Septemba 2019. Waulize askari kama kunaingilika, na kukiwa na wingu zito hata milimani mbali, kaa juu.

Ukikodi hema, lifungue mbele yao kabla hujalipa, uingize kichwa ndani, unuse. Anayekataa, muage. Mbuga naipa nyota nne, ya tano imeliwa na vumbi. Waliotukodisha nawapa moja, na hiyo ni ya magodoro, ambayo kwa kweli yalishika upepo hadi asubuhi.