Sensa mbili, kompyuta moja na meza ya Ngamiani

Toyota Mark II yangu ya 1994, JZX90 yenye injini ya 1JZ-GE, ilianza kunifedhehesha kwenye mlima wa Mombo kwenda Lushoto. Tambarare inakwenda vizuri tu, ila ikishika kona za juu inakuwa kama imebebeshwa mawe, na taa ya injini inawaka. Nikaunganisha TE1 na E1, matundu mawili ya soketi ya ukaguzi, kwa kipande cha waya, nikahesabu taa inavyopepesa: tano, kisha mbili. Hiyo ni kodi 52, sensa ya kugonga, yaani sikio la kusikia mafuta yakilipuka vibaya ndani ya silinda. Kompyuta ya injini isipopata habari za sensa hiyo hurudisha moto nyuma mpaka mwisho, yaani huchelewesha cheche, ili kuilinda injini, ndiyo maana gari linakosa nguvu.

Gereji ya kwanza, jina nalihifadhi, fundi alichomeka mita kwenye sensa, haikusoma kitu, akasema imekufa. Nikanunua ya mtumba, 70,000. Nayo mita haikusoma kitu. Akasema na hii imekufa! Mimi niliyelea watoto kwa kutengeneza redio ndipo nilipotakiwa kushtuka. Ndani ya sensa ile kuna kipande cha kauri kinachotoa umeme kikitikiswa. Kwa aina hiyo ya zamani, mita isipoona njia kati ya ncha na bodi, ndio uzima wenyewe. Sensa nzima ilihukumiwa, na faini nimelipa mimi.

Karakana ninayotaka kuisifia haina hata kibao. Ni banda la mabati Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba. Uliza fundi rewaya anayepima kompyuta, utaonyeshwa. Kijana akanipokea: "Shikamoo mzee. Ufunguo kaa nao, mimi niletee sensa zote na kompyuta."

Sensa za 1JZ ziko mbili, ubavuni mwa bloku chini ya manifoldi ya hewa, kwa hiyo kuzitoa peke yake ni kazi ya kuchubua vidole. Alizibana moja moja kwenye jiriwa, akazigonga kwa kinyundo huku oskiloskopu, mashine ya kuonyesha umeme kama wimbi kwenye kioo, ikichora. Zote zikatoa wimbi linalopanda ghafla na kufifia, hata ile ya mtumba. "Hapo tumejua zina uhai tu, mzee. Bado masikio." Akazitikisa kwa koili ya spika, akipandisha sauti taratibu, na karibu na kilohezi 7 wimbi likafura. Silinda ya injini hii ina kipenyo cha milimita 86, na kugonga kwa injini yenye upana huo hulia karibu na kilohezi 6.7. Yaani sensa imetegeshwa stesheni moja, kama redio. Nilitabasamu peke yangu.

Kompyuta ndiyo iliyonipa raha zaidi. Aliifungua kwanza akatazama kapasita kama zimevuja, maana kompyuta za miaka ile zina ugonjwa huo na hewa ya chumvi ya Tanga haisaidii. Kisha akailisha ishara za kughushi za G na NE ili idhani distribyuta inazunguka, akatazama IGT, ishara inayoamuru cheche. Alipoipa mlio wa mfululizo, haikujali. Inauhesabu kama kelele za kawaida za injini. Alipoipa milio mifupi mara tu baada ya kila cheche, ishara ikarudi nyuma mbele ya macho yangu, na milio ilipokoma ikarejea kidogo kidogo. Kompyuta nzima, sensa nzima. Umebaki waya.

Na kweli. Mtu fulani zamani alikata waya wa sensa wenye ngao ya kuzuia kelele za umeme, akaungia waya wa spika kwa kusokota na selotepu. Ukipoa unashika, ukipata moto unaachia. Kijana akaweka waya wa ngao upya, akachomea kwa risasi.

Bei: sensa 15,000 kila moja kwa zile mbili za gari, ile ya mtumba alipima bure, kompyuta 50,000, waya 20,000. Jumla 100,000, na sioni kama nimeonewa. Yasiyonipendeza: "saa mbili tu, mzee" zilikuwa siku mbili. Kiti hakuna, nilikaa juu ya betri mbovu. Risiti hakuna. Spana ya kukazia kwa kipimo aliazima kwa jirani, baada ya mimi kusisitiza. Sensa hizi hazikazwi kwa kukisia.

Jumamosi nilipanda Lushoto na abiria watatu na gunia la nazi. Taa haikuwaka. Sensa ya mtumba ninayo kabatini, ina wimbi zuri kabisa, anayeitaka aje na 70,000 zangu.