Siku sita njia ya Marangu: mapitio ya huduma ya kupanda mlima kutoka Moshi

Mwezi Februari mimi na binamu yangu tulipanda Mlima Kilimanjaro tukihudumiwa na kampuni ndogo ya waongozaji yenye ofisi mjini Moshi. Habari za chakula na mabanda wengi wamekwisha kuzieleza, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye jambo nililolilipia bila kujua, yaani namna mwongozaji wetu alivyokuwa akifikia maamuzi.

Tulichagua siku sita badala ya tano, ili tupumzike siku moja kwenye mabanda ya Horombo, mita 3,720, mwili uzoee hewa haba. Kila jioni mwongozaji alitupima kwa kipima oksijeni cha kidoleni, akauliza habari za kichwa na hamu ya kula, kisha akaandika katika daftari. Hakutulinganisha sisi kwa sisi. Alimlinganisha kila mtu na alivyokuwa jana yake. Kuhusu mvua, alisema kumbukumbu zake za Februari za zamani hazimsaidii tena kama zamani, hivyo kila asubuhi aliwauliza wapagazi waliokuwa wakishuka hali ya huko juu.

Usiku wa kilele tuliondoka Kibo, mabanda ya mwisho kabla ya kilele, karibu na saa sita. Tulipokaribia pango la Hans Meyer, juu ya mita 5,000, binamu alianza kuyumba. Aliambiwa atembee kwa kugusanisha kisigino na vidole, akashindwa, dalili ya ugonjwa wa mwinuko. “Kaka, wewe unashuka na msaidizi wangu sasa hivi,” mwongozaji akasema. Binamu alikasirika, nami, nakiri, nilihesabu fedha zetu kimoyomoyo.

Nilifika kilele cha Uhuru, nikateremka hadi Horombo, nikamkuta binamu anakunywa supu akiwa mzima. Mwongozaji alimhoji upya: aliacha kuyumba walipofika wapi, na kichwa kilitulia lini. Majibu yote yaliingia daftarini, ndipo nilipomwelewa. Anayemrudisha mgeni hajui kamwe yangetokea nini kama wangeendelea, ilhali anayemsukuma mgonjwa akafika salama hushuka na bakshishi pamoja na imani kwamba aliamua vyema, na bahati hiyo ikijirudia mara tatu au nne huanza kuitwa uzoefu. Kwa sababu hiyo yeye huwafuatilia waliorudishwa, na kila baada ya safari waongozaji wenzake hukaa wakasomeana madaftari, hasa kurasa za siku ambazo hawakukubaliana. Sijaona kampuni ikiweka jambo hilo katika tangazo lake.

Kasoro zilikuwepo. Gari la kutupeleka langoni lilichelewa saa nzima na nusu bila taarifa, na begi la kulalia nililokodishiwa lilikuwa na zipu mbovu, jambo lisilovumilika katika baridi ya Kibo. Nitakaporudi nitamwomba mwongozaji yuleyule, na begi nitabeba la kwangu.